Ufunguo wa Tatu

Geti la kwa mume wangu ni zuri mpaka linanikera. Lina majani ya chuma yanayopanda kutoka chini hadi juu, na katikati kuna ua moja kubwa ambalo baba yangu alilikunja petali kwa petali, kwa koleo na moto. Wapita njia husimama kulitazama. Wageni hulipapasa kabla ya kubisha. Na baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuketi kwenye kikao asikiongoze, huwaambia kifua mbele, "Kazi ya mkwe wangu hiyo! Cheche mwenyewe!" Cheche ndiye baba yangu, fundi wa kuchomelea. Hapo mimi huwa nimesimama nyuma na sinia la chai, naomba ardhi ipasuke inimeze mimi na vikombe vyangu.

Kwa sababu geti lile halijalipwa.

Baba alipewa malipo ya kuanzia, kisha basi. Nyumba ilipokamilika Mwenyekiti alikusanya watu waje waione, na vinywaji vilipokuwa vinapita akasimama, akasema mbele ya wote, "Mkwe wangu, sijasahau. Bado nina deni lako." Baba akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akajibu, "Ah, mkwe! Baina yetu kuna deni gani?"

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa anajua maneno hayo ni ya nini. Ni adabu. Ni kama mgeni anapokaribishwa chakula akasema ameshiba. Wewe unamshika mkono mpaka akae. Mwenye deni alitakiwa aseme, "Hapana mkwe, haki ni haki," kisha amvute pembeni amlipe. Mwenyekiti hakusema hivyo. Alicheka, akawageukia wageni, "Mmemsikia wenyewe!" Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu akijipigia makofi ya hasara, na tangu siku ile mlio wa makofi siupendi.

Kitu kimoja tu kilikataa kushangilia, nacho ni ufunguo. Baba ana desturi yake ya kazi, na kila aliyewahi kumpa kazi anaijua. Kitasa cha geti huja na funguo tatu. Mbili anampa mwenye nyumba siku ya kulisimamisha geti. Wa tatu anautundika kwenye msumari kule karakana, juu ya meza yake, mpaka siku ya malipo ya mwisho. Akishalipwa anaupeleka mwenyewe, kwa mkono wake, na hapo ndipo kazi imekwisha. Si ufunguo wa kuingilia kwa watu, na hajawahi kuutumia hata mmoja. Ni wa kumkumbusha mtu bila kumfungulia mdomo. Nilipokuwa mdogo nilijua hali ya nyumbani kwa kuitazama ile misumari. Ikiwa mitupu, mama ataimba jikoni.

Ufunguo wa geti la kwa mume wangu bado ulikuwa unaning'inia pale. Ulishaanza kushika kutu.

Hayo yote ningeyameza, maana nimeolewa, na mwanamke aliyeolewa hufundishwa kumeza kabla ya kufundishwa kupika. Lakini siku moja nilipita karakana nikitoka kazini kwangu, duka la dawa, nikamkuta muuza vyuma amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Cheche," alisema taratibu, "vyuma vya geti la mkwe wako ulivichukua kwangu kwa mdomo, nami nikakupa kwa mdomo. Sitaki tugombane. Mwisho wa mwezi nitakuja na gari niichukue mashine."

Mashine ya kuchomelea. Baba bila mashine ile ni mzee mwenye nyundo. Naye alicheka, cheko la mtu aliyejikwaa mbele za watu, akasema, "Njoo tu, bwana. Karibu sana." Mtu anakuja kukunyang'anya riziki yako, nawe unamwambia karibu sana!

"Baba, mdai Mwenyekiti," nilisema tulipobaki wawili.

"Nimdai nani?"

"Mkwe wako."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Uso umeumbwa na haya, mwanangu. Wewe unalala kule."

Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema. Kwetu sisi aliyekopa bado yuko harusini, matanga ndiyo yaliyohamia kwa aliyekopesha. Nilimweleza mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema asiyependa kelele, na wema wa aina hiyo kuna siku haukufai kitu. "Hayo ni mambo ya wazee," alisema, akaendelea kupiga pasi shati lake. Ndipo nikaamua kutafuta wakili.

Kumpata wakili si kazi. Kazi ni kuonekana unamtafuta. Nilimchagua wa upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenunua dawa kwangu. Kibao chake kilikuwa na herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara: Haki za Wadai, Ukusanyaji wa Madeni. Nilikipita. Nikarudi, nikakipita tena. Chini ya ofisi kulikuwa na saluni. Nikaingia humo nikauliza bei ya kusuka, nikashukuru, kisha nikapanda ngazi kwa mwendo wa mtu aliyepotea njia. Huko juu kulikuwa na mlango wa chuma uliokwaruza sakafu kwa mlio wa kuamsha wafu. Jengo zima likajua kuna mtu ameleta madeni.

Wakili alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kichwani, viatu amevivua chini ya meza. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti.

"Nina rafiki yangu," nilianza.

"Haya. Rafiki yako." Akaandika neno rafiki kwenye karatasi.

"Anamdai baba mkwe wake. Yaani baba yake ndiye anayedai. Baba wa huyo rafiki."

"Na huyo rafiki analala nyumba ya mdaiwa?"

"Ndiyo, nalala huko."

Hakucheka. Alipiga mstari juu ya neno rafiki. "Mficha uchi hazai, mama. Sema."

Nikasema. Nilisema nikiwa nimeinamisha kichwa, nikizungumza na mkoba wangu. Kila nilipotaja "baba mkwe" nilijiona kama mtu anayeiba kitu nyumbani kwangu mwenyewe. Nilikula sahani moja na watu hao asubuhi ile. Mama mkwe alinifungia mkate wa kwenda nao kazini, na mkate ulikuwamo humo humo mkobani.

"Kuna mkataba?" aliuliza wakili.

"Mkataba kati ya wakwe?"

"Ujumbe wa simu?"

"Baba yangu simu anaipokea tu."

"Mashahidi?"

"Wengi sana."

"Vizuri. Waliona nini?"

Nikamweleza habari ya mkono kifuani na makofi. Akaweka kalamu chini. "Hapo ndipo watakapotukamata. Watasema alisamehe mbele ya umati."

"Ilikuwa adabu!"

"Najua ilikuwa adabu. Hakimu naye ana wakwe, anajua. Ila sheria inataka kitu cha kushika mkononi."

Ndipo nilipomtajia ufunguo. Alinitaka nirudie polepole, habari ya msumari na malipo ya mwisho, na nilipomaliza alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo mdomo wake umesamehe, mkono wake bado."

Akanieleza kazi itakavyokwenda. Ataanza na barua ya madai, kwa kuwa madeni mengi huishia kwenye barua, hayafiki kwa hakimu. Mdaiwa akikubali kwa maandishi kwamba anadaiwa, hata mstari mmoja, inatosha kuanzia. Na yule muuza vyuma, wakili mwenyewe angezungumza naye ili asubiri. "Wafanyabiashara hawaogopi deni," alisema, "wanaogopa kimya. Lakini baba yako lazima aje. Wewe si mdai. Asiyekuwepo na lake halipo."

Kumleta baba kwa wakili nisingeweza. Kumleta kwenye mlango mbovu, hilo niliweza.

Nilimwambia kuna mama mmoja ana ofisi, mlango wake wa chuma unakwaruza. Alivaa shati safi. Alibeba futi na mfuko wa vifaa, na kwenye ngazi alikuwa anapiga mluzi, maana ni muda mrefu hajaitwa kazi mpya. Kibao hakukiona, fundi macho yake huenda kwenye bawaba kabla ya maandishi. Alipiga magoti, akavuta futi, akaanza kupima.

"Mzee, kaa kwanza," alisema wakili.

"Nikikaa nitauona saa ngapi mlango, mama?"

"Mzee, binti yako hakukueleza ukweli."

Baba akainua macho. Akayatazama mafaili yaliyopangwa ukutani, akamtazama wakili, kisha mimi. Futi ikajirudia yenyewe ndani ya kasha lake kwa kishindo.

"Unamdai mkwe wako fedha za geti?" wakili aliuliza kwa upole.

"Mimi?" Alitabasamu, tabasamu lile lile la siku ya muuza vyuma. "Mimi simdai mtu, mama."

"Na ufunguo wa tatu uko wapi?"

Alianza kurudisha vifaa mfukoni, kimoja kimoja. Mtu wa nje kujua habari ya msumari wake, hilo lilimchoma kuliko kutajwa kwa deni. Alimuaga wakili kwa heshima zote, akamwahidi kwamba mlango atakuja kuutengeneza siku nyingine, bure. Kwenye ngazi aliniambia bila kugeuka, "Umenivua nguo mbele ya mtu." Tulipofika chini akaongeza, "Tena umenidanganya kwa kazi."

Hilo la kazi ndilo lililonimaliza. Nimewahi kuona aibu nyingi, lakini nyingi zilikuwa za kufanyiwa. Hii niliishona mwenyewe. Shati lake safi nililiona mbele yangu njia nzima, mpaka kona tunapoachana, na hakuniaga.

Siku ya mapumziko iliyofuata Mwenyekiti alikuwa na wageni, wenzake wa vikao. Nilikuwa napeleka chai nikasikia mtu anabisha getini. Nikaenda kufungua. Alikuwa baba, ndani ya shati lile lile, akibisha hodi kwenye geti alilolitengeneza kwa mikono yake huku ufunguo wake ukiwa mfukoni.

"Baba, tafadhali," nilinong'ona.

Alinipita. Akawasalimia wote, akafika mbele ya Mwenyekiti, akautoa ufunguo. Alishaufuta kutu, ukawa unang'aa kama mpya. Nikaelewa: kuliko kudai, ameamua kulifuta deni. "Mkwe," alisema, "nimekuletea ufunguo wako wa mwisho."

Miongoni mwa wageni alikuwapo mjenzi mmoja mnene, anayemjua baba miaka mingi. Alipiga paja. "Oho! Ufunguo wa tatu! Mwenyekiti, kumbe ulishamaliza kulipa kimya kimya! Mimi wangu ulikaa msumarini mpaka nikawa nazunguka mtaa wa nyuma nisionane na Cheche." Watu wakaangua kicheko.

Mwenyekiti aliutazama ufunguo kiganjani mwake. Yeye ndiye aliyejua kuliko wote kwamba hajalipa. Angeweza kusema neno. "Tulimalizana," alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema jambo kwa sauti ndogo.

"Hajalipwa," nikasema mimi.

Sinia lilikuwa bado mikononi. Mama mkwe alinikata jicho ambalo mpaka leo lina alama yake. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Nami nikarudia, maana neno likishatoka mlango haufungiki tena, "Baba hajalipwa lile geti."

Kisha nikamsikia baba akicheka. "Msimsikilize huyu," aliwaambia. "Tangu mtoto ni mtani kupindukia. Alipata kuwaambia majirani kwamba mimi nakula misumari." Wageni wakacheka kwa nguvu, wakishukuru kupata pa kutokea. Baba yangu mzazi alinifanya mwongo mbele ya watu, ili nibaki na mahali pa kulala. Nilijua ndiyo sababu, na kujua hakukunisaidia chochote. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe safi.

Wageni walipoondoka Mwenyekiti aliingia jikoni. Hajawahi kuingia humo. Hakujua hata pa kusimama, akasimama karibu na ndoo ya maji. Akauweka ufunguo mezani.

"Mrudishie baba yako."

"Kwa nini, baba?"

"Si wangu bado." Alikuwa anayaangalia maji ndooni. "Siku ile aliposema hakuna deni, nilimshukuru Mungu, nikacheka kabla hajabadili maneno. Nyumba hii imenikausha, mama. Geti unaliona linavyong'aa, lakini ndani sina kitu. Kidogo kidogo ninaweza kulipa. Nilisema akiniuliza nitamwambia. Hakuniuliza. Mwezi wa kwanza nilitaka kusema, nikaona aibu. Wa pili nikaona aibu ya kukaa kimya ule wa kwanza. Basi, ikawa hivyo."

Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaweka akiba muda mrefu, makali, yamenolewa vizuri. Nikayatafuta sikuyaona. Yule mtu wa kifua mbele alikuwa amesimama karibu na ndoo yangu, amejikunyata, na aibu yake ilikuwa ndugu mmoja na yetu.

"Unaweza kuyaandika hayo?" nilimwuliza.

"We ni mkwe au polisi?"

"Ni binti wa Cheche."

Karibu atabasamu. "Mwambie anidai kwanza. Akinidai, nitaandika. Lakini nijishitaki mwenyewe, siwezi."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Wazee wawili, kila mmoja amesimama upande wake wa geti, anamsubiri mwenzake abishe.

Nilipofika karakana baba aliuona ufunguo kiganjani mwangu, akainuka. "Ameukataa?"

"Ameurudisha. Anasema bado si wake. Hana fedha ya mara moja, anaweza kidogo kidogo, na anasubiri umdai."

Alikaa tena. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, mikono iliyokuwa safi. Mashine ilikuwa kwenye kona yake, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Hatimaye aliuchukua ufunguo, akautundika kwenye msumari wake. Akatazama mlangoni kama kuna mtu anayesikia, kisha akayajaribu maneno kwa sauti ya chini, "Namdai mkwe wangu." Akayasema kama anayeonja dawa.

"Yule mama wa ofisi," akauliza, "mlango wake bado unakwaruza?"

"Bado."

"Basi twende. Nitautengeneza mlango. Hilo lingine nitalisema nikiwa nimeinama, nisimtazame usoni."

Na ndivyo alivyofanya. Mimi niliuegemeza begani mlango ule mzito huku yeye amepiga magoti, anachomoa bawaba, na kiasi anachodai alikiambia sakafu. Wakili hakumtaka akae safari hii. Aliandika huku akisikiliza, na alipofika mwisho akasoma kwa sauti: "Kwa barua hii unatakiwa kulipa deni lifuatalo..."

Baba akainua spana. "Mama, ndiyo unaanza hivyo? Hujamsalimia."

"Mzee, hii ni barua ya madai."

"Hata kama. Huyo ni mkwe wangu. Mwulize hali kwanza, umwulize na hali ya mkewe."

Wakili alinitazama. Mimi nikatazama dirishani, macho yananiwasha. Nikasikia karatasi inachanwa, na nyingine inavutwa. "Mkwe wangu mpendwa," alisoma, kalamu ikikwenda polepole, "natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama wa nyumbani."

Baba akatia washa mbili, vile vipete vya chuma, kwenye bawaba, akanipa ishara niuachie mlango. Ulijifunga bila sauti hata kidogo. Yeye akabaki pale pale chini, uso wake kwenye chuma.

"Haya," alisema. "Sasa mdai."